Vihisi vya Bei Nafuu vya Hewa Ukaa na Matumizi Yake Unguja

Hewa ukaa, au kaboni dayoksaidi kwa jina lake la kikemia, haina rangi wala harufu. Nje, kiwango chake sasa kimepita sehemu 420 katika kila sehemu milioni za hewa. Katika chumba cha kulala kilichofungwa, watu wawili wanaweza kukifikisha 2,000 kabla ya alfajiri na wasijue. Kwa miongo mingi chombo cha kuipima kilikuwa cha maabara, kikubwa na ghali. Leo kihisi kinachoenea kiganjani hupatikana kwa kiasi cha dola 20 hadi 60 za Marekani, na kinaweza kutumika katika skuli, zahanati, hoteli au nyumba yoyote ya Unguja, mradi anayekitumia anajua kinachopima na kinachobahatisha.

Msingi wa kazi yake ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi kama joto. Molekuli ya hewa ukaa ina atomu moja ya kaboni katikati ya atomu mbili za oksijeni. Atomu hizo hutikisika, na mojawapo ya mitikisiko hiyo hunyonya kwa nguvu miale yenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Nitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha miale hiyo ipite. John Tyndall alionyesha tofauti hiyo kwa majaribio mjini London mwaka 1859, na vihisi vyote vya kweli vya hewa ukaa vitakavyotajwa hapa vinasimama juu ya tofauti hiyo moja.

Ndani ya kihisi mna kichumba kidogo ambacho mara nyingi hupakwa dhahabu ili kuta zake ziakisi miale vizuri. Upande mmoja mna kitaa kinachowaka na kuzimika kwa vipindi, na upande wa pili mna kipokezi kinachopima miale iliyofika. Mbele ya kipokezi huwekwa kichujio kinachopitisha miale iliyo karibu na mikromita 4.26 tu. Hewa ya chumbani hupenya yenyewe kupitia utando unaozuia vumbi. Hewa ukaa ikizidi, miale inayofika hupungua. Upungufu huo haufuati mstari ulionyooka, kwa kuwa nyongeza ya kwanza ya hewa ukaa huila miale zaidi kuliko nyongeza ya mwisho. Kwa hiyo kila kihisi hutoka kiwandani kikiwa na hesabu yake ya kugeuza miale kuwa namba. Vingine vina kipokezi cha pili chenye kichujio cha karibu na mikromita 4.0, ambako hewa ya kawaida hainyonyi kitu, ili kulinganisha. Kitaa kikififia kwa uzee, vipokezi vyote viwili huona mwanga umepungua, na hesabu hujirekebisha.

Chombo cha kwanza cha aina hii cha kutumika viwandani kilitengenezwa Ujerumani mwaka 1938 na Luft na Lehrer. Miaka 20 baadaye, mwezi Machi 1958, Charles David Keeling alianza kupima kwa chombo cha infraredi juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, na namba zake za mwanzo zilikuwa karibu na 313. Kwa upande huu wa Bahari ya Hindi, kumbukumbu ndefu iliyo karibu na Zanzibar ni ya kisiwa cha Mahé, Shelisheli, ambako chupa za hewa zimekuwa zikijazwa na kupelekwa Marekani kupimwa tangu mwaka 1980. Vyombo vya kazi hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kilichoshusha bei ni majengo: wenye maofisi katika nchi za baridi walitaka mashine zao za kuingiza hewa ziongeze kasi watu wanapojaa na zipunguze wanapotoka, na kila chumba kikahitaji kihisi chake. Janga la Uviko-19 liliongeza mahitaji hayo mara nyingi.

Miongoni mwa vinavyojulikana zaidi ni MH-Z19 ya kampuni ya Winsen ya China, S8 ya Senseair ya Sweden, na SCD30 ya Sensirion ya Uswisi. Kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, hewa yenye sehemu 1,000 huenda ikasomwa na SCD30 kwa kosa la hadi sehemu 60, na S8 kwa kosa la hadi 70, na MH-Z19B, toleo mojawapo la MH-Z19, kwa kosa kubwa zaidi. Sensirion ina pia SCD40, yenye upana wa sentimita moja tu, ambayo haina kipokezi cha miale. Ina maikrofoni. Miale inayopigwa kwa vipindi huipasha hewa ukaa joto, hewa hutanuka na kusinyaa, na mpigo huo wa shinikizo husikika. Hewa ukaa ikiwa nyingi, sauti ni kubwa. Ni ufundi wa kuvutia, na umewezesha kihisi cha kweli kuingia katika vifaa vidogo kuliko kiberiti.

Lazima kusema kihisi cha kweli kwa sababu sokoni viko visivyo vya kweli. Vifaa vingi vya bei ya chini sana vinaandika hewa ukaa kwenye vioo vyake na ndani havina infraredi kabisa. Vina kipande cha oksidi ya metali kinachoathiriwa na mivuke ya kikemia, kisha programu hukisia hewa ukaa kwa dhana kwamba mivuke hiyo imetoka kwenye miili ya watu. Dhana hiyo inaweza kupita katika ofisi ya Ulaya. Katika nyumba ya Unguja haipiti hata siku moja. Udi ukifukizwa sebuleni, mtu akijipaka manukato, kitunguu kikikaangwa jikoni au sakafu ikipigwa deki kwa dawa, kifaa hicho hupanda hadi maelfu ilhali hewa ukaa haijaongezeka kwa kiasi hicho. Njia ya kukijaribu ni rahisi: pamba yenye manukato husogezwa karibu nacho bila kupumuliwa. Kihisi cha infraredi hakitashtuka. Cha kubahatisha kitaruka. Pesa iliyotumika kwa kifaa cha aina ya pili, kwa kazi hii, imepotea.

Hata kihisi cha kweli kina dhana yake, na hapa ndipo wengi wanapopotoka. Kitaa hufifia, vumbi hutanda, kioo huchakaa, na namba huhama polepole. Ili mnunuzi asilazimike kukirudisha maabara, watengenezaji wamekiwekea utaratibu wa kujirekebisha: kihisi hukumbuka kiwango cha chini kabisa kilichoonekana katika kipindi fulani na kukichukulia kuwa ni hewa ya nje, yaani 400. Kwa S8 kipindi hicho ni kama siku saba na nusu. Kwa MH-Z19B ni saa 24. Utaratibu huu unafaa darasani, kwa kuwa wanafunzi huondoka, madirisha hubaki wazi, na usiku chumba hurudi kwenye hewa ya nje. Unafaa pia katika duka la Darajani linalofungwa jioni. Haufai katika wodi ya hospitali, kituo cha polisi au chumba cha mapokezi ambako watu hawakatiki usiku na mchana. Wodi ambayo haishuki chini ya 700 itasomwa 400, na kosa la sehemu 300 litaenezwa kwenye kila kipimo kinachofuata. Chumba kibovu kitaandikwa kizuri, na kitaandikwa na mashine, jambo ambalo watu huliamini upesi zaidi. Katika mahali kama hapo utaratibu wa kujirekebisha huzimwa, na kihisi hutolewa nje mara kwa mara kurekebishwa kwa mkono.

Kuna kosa jingine dogo ndani ya dhana hiyo hiyo. Namba 400 ilikuwa sahihi takriban miaka kumi iliyopita. Hewa ya nje imeshapita 420, kwa hiyo kihisi kinachojirekebisha kwa 400 husoma chini kwa sehemu 20 hivi hata kikiwa kizima. Kwa kazi ya chumbani tofauti hiyo haina madhara. Kwa anayetaka kulinganisha mwaka na mwaka, inaharibu kila kitu.

Hewa safi ya kurekebishia vihisi inapatikana Unguja bila gharama, ila lazima mahali pachaguliwe. Mji Mkongwe uko pwani ya magharibi. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na upepo wa kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Pepo zote mbili huvuka kisiwa, pamoja na mashamba, majiko na magari yake, ndipo zifike Forodhani mjini humo. Pwani ya mashariki, kuanzia Chwaka hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, hupokea upepo uliovuka bahari kuu. Mchana, upepo ukivuma kutoka baharini, kihisi kikiachwa pale kwa dakika 20 mbali na pumzi za watu, hupata rejea ambayo mji hauwezi kuitoa. Usiku haufai, hasa karibu na miti. Mimea na udongo hutoa hewa ukaa gizani, na upepo ukitulia hewa hiyo hukaa chini; kiwango cha nje kinaweza kupita 450 bila mtu wala gari kuhusika.

Hali ya hewa ya kisiwa ina taabu yake pia. Mvuke wa maji haunyonyi sana miale ya mikromita 4.26, kwa hiyo unyevu wenyewe hauchanganyi kihisi sana. Hata hivyo, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina mvuke karibu asilimia 3.4 ya ujazo wake, na mvuke huo huzisukuma hewa nyingine pembeni: hewa kavu yenye sehemu 420 huonyesha 406 ikiwa na unyevu wa kiasi hicho. Hatari kubwa zaidi ni umande. Kihisi kilichopoa katika chumba cha kiyoyozi kikitolewa ghafla barazani, maji hutanda ndani ya kichumba na namba huvurugika mpaka yakauke. Chumvi ya baharini nayo hula miguu ya waya na viungio vya lehemu. Kinachohitajika ni sanduku lenye matundu upande wa chini na kipimo kisicholowa, wala si sanduku lisilopitisha hewa, kwa kuwa kihisi kisichopata hewa hakipimi kitu. Umeme nao uangaliwe. Kitaa huvuta mkondo kwa mishtuko, na chaja dhaifu ya simu hutoa namba zinazoyumba. Umeme unapokatika, kihisi chenye hesabu ya siku za kujirekebisha huenda kikaanza kuhesabu upya. Jambo moja Unguja imeneemeka nalo: iko usawa wa bahari. Kihisi huhesabu molekuli zilizo ndani ya kichumba chake, na Nairobi, ambako shinikizo la hewa ni takriban hektopaskali 830, kihisi kisichorekebishwa husoma pungufu kwa karibu moja ya tano. Zanzibar haihitaji marekebisho hayo.

Sasa maana ya namba zenyewe. Hewa ukaa katika viwango vya kawaida vya chumbani si sumu. Kikomo cha kazini katika nchi nyingi ni sehemu 5,000 kwa wastani wa saa nane. Umuhimu wake ni kuwa shahidi. Pumzi itokayo mapafuni ina hewa ukaa kama sehemu 38,000 katika milioni, kwa hiyo kinachozidi hewa ya nje, penye watu na pasipo moto, kimetoka katika vifua vya waliomo. Chumba chenye sehemu 1,500 kina ziada ya 1,080, maana yake karibu asilimia 3 ya kila pumzi inayovutwa humo imeshatoka katika mapafu ya mtu mwingine. Mkemia Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza kikomo cha 1,000 kwa vyumba vya makazi mwaka 1858, na namba hiyo bado inatumika kama mpaka wa kuangalia.

Hesabu ya darasa inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda mbio. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 168. Wanafunzi 60, kila mmoja akitoa lita 15 za hewa ukaa kwa saa, hutoa lita 900. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya mvua ya masika, kiwango hupanda kwa sehemu 5,300 na zaidi kwa saa. Kutoka 420 hadi 1,000 ni kazi ya dakika sita na nusu. Madirisha yakifunguliwa pande mbili zinazotazamana na hewa yote ikabadilika mara kumi kwa saa, kiwango hutulia kwenye 950 hivi. Ndiyo kusema katika skuli yenye madarasa yaliyojaa, dirisha la upande wa pili lina thamani kuliko feni. Feni huzungusha hewa ile ile.

Njia ya kupima mzunguko huo ni nyepesi. Wanafunzi wakitoka, kihisi huachwa kikiandika. Muda ambao ziada juu ya hewa ya nje inachukua kupungua nusu ndio jibu: ukiwa dakika kumi, hewa ya chumba inabadilika takriban mara nne kwa saa, ukiwa dakika 40, haibadiliki hata mara moja na robo. Kwa kazi hii kosa la kihisi la sehemu 50 halina uzito. Hata uhamaji wa namba hauharibu sana, kwa sababu kinachotazamwa ni kasi ya kushuka hadi kiwango cha nje kilichosomwa na kihisi hicho hicho.

Nyumba za Mji Mkongwe zinastahili kipimo hiki kuliko majengo mengi. Kuta zake nene za mawe na chokaa hushikilia baridi ya usiku. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipangwa na urefu wa boriti. Dari ni za juu, na vyumba hufunguka ndani kuelekea uwani na nje kuelekea kichochoroni. Hewa moto hupanda kwa uwani na kuvuta nyingine kupitia madirisha ya mbao. Nyumba ya namna hiyo ikigeuzwa kuwa hoteli, tundu la juu huzibwa, dirisha hutiwa kioo, na kiyoyozi cha ukutani hufungwa. Kiyoyozi cha aina hiyo hupoza hewa iliyomo na kuirudisha, hakileti mpya. Wageni wawili waliolala hutoa pamoja kama lita 25 kwa saa. Katika chumba cha mita za ujazo 48 ambacho theluthi moja tu ya hewa yake hubadilika kwa saa, kiwango huelekea 2,000. Tundu dogo lililofunguliwa juu ya mlango lingepunguza namba hiyo kwa gharama ndogo ya umeme. Ukarabati wa urithi wa dunia unaangalia, kwa haki kabisa, chokaa, milango na madirisha. Pumzi ya nyumba haionekani katika picha, na kihisi cha dola 30 kinaweza kuiweka katika ripoti.

Kwa afya, mfano mzito wa Tanzania unatoka Dar es Salaam. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipima hewa ukaa katika maeneo ya umma ya jiji hilo ili kukadiria hatari ya kuambukizwa kifua kikuu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hatari kubwa zaidi ilikadiriwa magerezani, ikifuatiwa na vyombo vya usafiri, huku masoko na kumbi zikiwa chini zaidi. Msingi wa hesabu ulikuwa ule ule wa pumzi inayovutwa mara ya pili, ambao watafiti Rudnick na Milton waliuandika mwaka 2003. Kwa Unguja, njia hiyo inaelekeza macho kwenye vyumba vya kusubiri vya vituo vya afya, kumbi za boti zenye kiyoyozi, na mabasi mapya yenye vioo vilivyofungwa. Daladala la zamani lenye bodi ya mbao na ubavu wazi, pamoja na kero zake zote, halina tatizo la hewa.

Onyo moja haliwezi kuachwa. Seredani ya makaa ikiingizwa katika chumba kilichofungwa, kinachoua ni monoksidi ya kaboni, si hewa ukaa. Monoksidi hunyonya miale ya mikromita 4.67, nje kabisa ya kichujio cha vihisi hivi. Kihisi cha hewa ukaa kitapanda kwa sababu moto hutoa zote mbili, lakini hakiwezi kusema monoksidi ni kiasi gani, na kisitegemewe kama kinga. Kinga ni kihisi cha monoksidi chenyewe, na kabla ya hicho, kutolaza mtu na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja.

Nje ya nyumba, vihisi hivi vina kazi finyu zaidi lakini ya maana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, walieleza jinsi ya kufunga kihisi cha Senseair ndani ya chombo kilichofunikwa juu ya maji au udongo na kupima hewa ukaa inayotoka au kuingia. Ghuba ya Chwaka, yenye majani ya bahari na mikoko, na ambako Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti kwa miaka mingi, ni mahali pa kazi hiyo, na msitu wa Jozani uko jirani. Kinachopimwa pale ni mabadiliko ya dakika chache ndani ya chombo, ambayo huwa makubwa kuliko kosa la kihisi. Kupima ongezeko la hewa ukaa la dunia ni habari nyingine. Ongezeko hilo ni la sehemu mbili hadi tatu kwa mwaka, na kihisi chenye kosa la sehemu 50 hakiwezi kuliona bila kulinganishwa mfululizo na chombo cha hali ya juu ambacho bei yake inatosha kununua vihisi mia kadhaa.

Kwa skuli, zahanati au mwenye nyumba wa Unguja anayetaka kuanza, S8, SCD30 au SCD40 inatosha. MH-Z19 inafaa pale pesa ni kidogo na chumba hupumzika kila usiku. Tarehe ya kurekebishwa iandikwe juu ya sanduku la kila kimoja, na kisipopelekwa pwani walau mara mbili kwa mwaka, namba zake zisiwekwe katika ripoti yoyote.